Nyumba ya Vijana wa Barazani

Dada Tekla, Raymundi ndiye fundi mkuu wa nyumba! Raymundi wangu, yule yule uliyembeba mbelekoni akakukojolea siku ya Pasaka. Nyumba imesimama, makuti yamekwisha panda juu, na Bagamoyo nzima inapita kuitazama.

Haya, nimeshusha pumzi. Sasa nikusalimu kama tulivyofundishwa na masista. Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo, dada yangu. U hali gani huko Mkange, na kile kifua kimepoa? Wakwe zako wanakutazama vizuri, au bado unakula wenzako wakishamaliza? Sisi hatujambo. Mume wangu Dominiko anaumwa mguu, lakini mdomo wake mzima kabisa. Barua hii naandika kwa mkono wangu, kwa hiyo ukiona herufi zimelala usilaumu mtu mwingine.

Unajua jinsi misafara inavyorudi bara na kuacha nyuma vijana wagonjwa, huyu ana kidonda mguuni, yule ana homa. Wakipona, wenzao wako mbali, nao hawana kwao hapa, basi hulala kwenye baraza za maduka. Wengi walikuwa kwa Bwana Kassamali, muuza nguo. Masika yaliyopita alitaka kuwafukuza, mvua inanyesha. Mkewe, Bibi Nurjehan, akamwambia awafukuze, ila na yeye atatoka nao, na sufuria zake atatoka nazo. Bwana Kassamali anapenda chakula chake. Vijana wakabaki.

Hapo ndipo kilipoanza Chama cha Baraza, na mimi nimo tangu siku ya kwanza, waulize. Hakuna anayechuma humo. Bibi Nurjehan hutoa misumari na kitambaa cha marekani cha kushonea magodoro. Mzee Mwinyijuma, fundi wa nyumba, ametoa kiwanja alichorithi hapa mtaani, naye huwafundisha vijana kujenga, ili wapate pa kulala na kazi ya mikono pia. Amezeeka, hapandi tena juu, ndipo akamchagua mwanangu awe mkubwa wa kazi. Boriti Raymundi alizifuata mwenyewe Mlingotini. Akazikataa nyingi mbele ya waliozikata, wakamtukana mpaka basi, naye akaendelea kukataa. Sijui ujeuri huo kautoa wapi, na usicheke. Fito kazifunga kwa kamba za makumbi, na Mzee Mwinyijuma, ambaye simkumbuki akimsifu mtu, alivuta fundo moja kwa mikono miwili, akaguna, akaenda zake. Guno hilo mimi nimelitangaza mpaka sokoni.

Lakini jirani yetu Mwanamvua akaenda kwa Jumbe. Akasema nyumba ya wanaume watupu itakuwa nyumba ya kulewa tembo na kupigana ngumi, na kuku wa mtaa mzima wataishia chunguni mwao. Wengine wakamuunga mkono. Jumbe akatuita sote, akatoa neno lake: nyumba itakaa ikiwa ndani yake atakaa mama mtu mzima, wa kuwajibia vijana hao. Mama huyo aonekane siku ya kukandika kuta, aubandike udongo wa kwanza kwa mkono wake. Asipoonekana, boriti zing'olewe na vijana warudi barazani.

Tukatazamana. Bibi Nurjehan ana nyumba na watoto wadogo. Mimi nina Dominiko na mguu wake. Mwanamvua akanigeukia mbele za watu, akaniambia kwamba mimi ninayejua kusema, mama huyo nimfinyange basi kwa udongo. Akacheka, na watu wakacheka naye.

Dada yangu, unanijua. Nilisimama nikasema mama yupo. Nikasema ni dada yangu Tekla, mjane wa Martini, mwanamke ambaye kijana akimdanganya asubuhi, mchana huja kuungama mwenyewe. Nikasema ameshakubali.

Ndiyo, nimekutaja bila kukuuliza. Nilitaka kwanza nikuandikie kana kwamba ni wazo limenijia jana, kalamu ikakataa. Wakwe zako najua watasema nimekuiba, waseme. Lakini barua yako ya mwisho ilisema huna wa kumpikia, na unapopika unakosea, unapika chungu kizima, kisha unakitazama. Niliisoma mara nyingi. Mimi na wewe hatukutoka tumbo moja, Tekla. Tulikutana kwa masista, watoto wasiojua kwao, tukapewa mkeka mmoja. Nilipolia kwa kukosa mama, ni wewe uliyenifunika, nawe ulikuwa mtoto kama mimi. Basi niliposema mama yupo, sikuwadanganya sana.

Vijana wanakuulizia kila siku. Ausi, aliyeachwa na msafara kwa kidonda cha mguu, aliuliza kama unapiga. Nikamwambia unapiga, na ukimaliza unapakua. Akafikiri kidogo, akasema ni sawa. Chumba chako wamekifanya wao, na dirisha wameliweka upande wa kanisa, maana Raymundi aliwaambia unapenda kuamshwa na kengele. Hukuulizwa, lakini dirisha lako lipo.

Ukikataa, nitakwenda mwenyewe kwa Jumbe niseme nilisema uongo, na Mwanamvua acheke mpaka ashibe. Ukikubali, usingoje kuaga kila mtu.

Dominiko anakusalimu, Bibi Nurjehan pia, ameshakushonea godoro. Nisalimie wote wa Mkange, hata wakwe. Mungu akulinde njiani. Nimeshasema njiani, basi.

Ni mimi mdogo wako wa mkeka mmoja,
Skolastika, mama wa Fundi Raymundi

Hee, siku sijaitaja! Tunakandika Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Petro na Paulo. Mtaa wote utakuwepo, na Jumbe. Udongo utakuwa umeshakanyagwa asubuhi, na hakuna atakayeugusa mpaka ufike wewe, Jumamosi hiyo.