Damu Iliyosema Hapana, Kisha Ndiyo

Nyumbani, juu ya saluni,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo huko uliko? Kifua chako kimepona? Na yule Kasuku wako mdogo, bado anaongea mpaka usingizini? Sisi tunapumua, ila sitakuficha: kaka yako anaumwa, na mimi kichwa kinanizunguka.

Ilianza kwa kamasi zenye damu. Tukasingizia vumbi la nywele za wateja. Kisha vidole vya mkono wa kulia vikafa ganzi. Siku moja, akinyoa, akamkata fundi viatu sikioni, asijue mpaka fundi mwenyewe alipoona damu kwenye kioo. Alifunga saluni saa ileile.

Daktari, mama mmoja mpole, akashuku kwamba mishipa ya damu imevimba. Alisema kingamwili, yaani askari wa mwili, wakati mwingine humgeukia mwenyeji wao, na wakitafutwa kwenye damu huweza kuonekana. Kaka yako akacheka, "Kikulacho ki nguoni mwako!"

Majibu yakaja: hawapo. Wifi, nilipiga vigelegele palepale! Daktari akanikalisha. "Mama, kutoonekana si kusema ugonjwa haupo." Mkojo ulikuwa na damu, figo zimeanza kulegea. Wakapima tena kwa njia nyingine: wapo. Nikalia. Akanikalisha tena: hata kuonekana peke yake hakutoshi, maana maradhi mengine nayo huwaamsha.

"Sasa kipimo hicho kina kazi gani?" nikamuuliza.

"Kinaniambia nitafute wapi. Nahitaji kuchukua kinyama kidogo cha figo kwa sindano, nikipime."

Kaka yako akagoma. Achomwe figo kwa ajili ya kipimo kigeugeu? Tulinuniana kutwa nzima. Jioni nikamkuta anahangaika na kifungo kimoja cha shati, kimemshinda. Akasema, "Mke wangu, majibu yao siyaelewi, lakini mkono wangu nauelewa. Twende."

Kinyama kikathibitisha: ni mishipa kweli. Ameanza dawa kali za kuwatuliza askari hao. Mashavu yamejaa kama ya mtoto, anakula kama ana mashindano, na mwenye kikohozi haruhusiwi kumkaribia. Figo hazilegei zaidi, namshukuru Mungu. Juzi wakampima damu: askari bado wapo, na daktari anatabasamu! Ati mradi mkojo unasafika, hana wasiwasi nao sana. Niliitikia kwa kichwa tu.

Mpigie simu, wifi. Atajifanya mzima, usimwachie. Jana alinishika mkono akaniuliza kama ni wa moto au wa baridi. Nikamwambia ni wa moto. Akasema, "Haya, nimekuamini," na hakuuachia.

Msalimie shemeji, umbusu Kasuku, na mama mkwe mwambie taratibu, akiwa amekaa. Mola awafunike kwa rehema zake huko, nasi atubakizie akili.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, nisiyeelewa bado,
Mke wa Kinyozi