Mchekeshaji Aliyezikwa Kimya

Brooklyn Center, Minnesota
Mwezi wa tatu

Dada yangu mpendwa Esta,

Bwana Yesu asifiwe, dada. Magoti yanaendeleaje? Nimesikia kwamba siku hizi ukipanda kanisani unapumzika mara mbili njiani, na neno hilo nimekaa nalo moyoni wiki nzima. Ile dawa ya kuchua ilifika? Na shemeji, bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu. Theluji imeanza kuyeyuka, viatu vyangu vinarudi nyumbani na matope kama vya mtu aliyetoka kulima. Ningekupigia, lakini unasema simu inakungurumia sikioni, na jambo lenyewe ni refu, linataka kalamu.

Tangu Krismasi kampuni yetu ya kutunza wazee imenipeleka kwa bibi mmoja Saint Paul, mabasi mawili kutoka hapa. Anaitwa Bibi Odessa. Ni Mwamerika mweusi, anakaribia miaka tisini, miguu imechoka lakini kichwa kizima kuliko changu. Anaishi na mjukuu wake Denise, mwalimu wa shule, mama wa makamo kama mimi. Bibi huyu ni mtu wa maombi, dada. Kabla ya chai tunasoma zaburi, yeye kwa Kiingereza, mimi kwa Kiswahili. Anasema Mungu ana masikio mawili, tusimpe kazi sikio moja tu.

Siku moja namchana nywele, akaniuliza, "Rehema, baba yako alifanya kazi gani?" Nikamwambia alikuwa seremala, na siku ya msiba watu walizitaja meza zake moja moja. Halafu akasema, "Wangu alikuwa anachekesha watu kwenye sinema. Siku ya kumzika nilimwomba mchungaji asiseme."

Nikaacha kuchana. Akanisimulia.

Baba yake alizaliwa huko kusini kwao. Akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa akicheza ngoma juu ya gari la farasi la mtu aliyeuza dawa za kienyeji, ili watu wasimame wanunue. Akakua, akaingia kwenye maonyesho ya mahema, mwisho akafika California zile siku sinema bado hazina sauti. Hakwenda kuigiza, alikwenda kufagia studio. Siku moja taa kubwa ilianguka karibu naye, akaruka na ufagio wake kwa namna ambayo dairekta, yaani yule mkubwa anayewaamuru waigizaji, alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia, "Ruka tena hivyo." Basi akaruka hivyo miaka na miaka. Kila sinema ni mtumishi, kila sinema anaogopa mizimu. Mwisho wa picha wakiandika majina, lake linakuwa la chini kabisa, tena jina moja tu, kama la mtoto.

Sauti zilipoingia kwenye sinema wakamwita wamsikie. Dada, yule mtu alikuwa amemaliza shule, anaongea Kiingereza kilichonyooka. Wakamwambia hapana, hivyo sivyo. Wakamwekea mtu wa kumfundisha kuongea kama asiyesoma. Naye akajifunza, maana nyumbani kulikuwa na mke na mtoto, na mtoto mwenyewe ndiye Bibi Odessa.

Baadaye watu weusi wenyewe wakasema imetosha, hatutaki tena kuonyeshwa kama wajinga na waoga, na walikuwa na haki. Kazi ikakauka. Njiani watu wakawa wanamgeuzia mgongo. Akahama na familia kuja huku baridi, akapata kazi ya kuendesha lifti hotelini. Juu, chini, juu, chini, mpaka alipostaafu. Alipokufa, mchungaji akasema amekufa mfanyakazi mwaminifu wa hoteli. Basi.

"Sasa nataka kujua jambo moja kabla sijamfuata," Bibi akaniambia. "Je, alikuwa anachekesha kweli? Au ilikuwa aibu tupu? Nikiwauliza watu wote wananionea huruma. Hakuna anayenijibu."

Kumbe watu wa chuo kimoja walikuwa wameipata sinema yake ya zamani, wakamtumia Denise kwenye diski. Na kanisa lao lina Jumapili ya kuwakumbuka wazee waliotangulia, kila familia inaleta kitu cha mzee wao. Bibi anataka sinema ile. Denise hataki hata kusikia. Jumamosi moja mchana akaiweka kwenye televisheni ili bibi yake aone mwenyewe kwamba haifai. Mimi nilikuwa nakunja nguo pembeni.

Basi, dada, baba yake Bibi akatokea. Mwembamba, koti limembana, ameshika sinia lenye bakuli la supu. Bosi anamwamuru alipeleke chumba cha juu, na chumba hicho kina mzimu. Kuanzia kiunoni kwenda juu anainama kwa adabu, "ndiyo bwana, ndiyo bwana." Kuanzia kiunoni kwenda chini miguu imeshaondoka! Miguu inakwenda mlangoni, kichwa bado kinamwitikia bosi. Anazunguka meza, anapanda kiti, anashuka, hata tone la supu halimwagiki. Nilishika shuka mdomoni, haikusaidia. Nilicheka, dada, nikacheka mpaka machozi, nikakaa juu ya nguo nilizokunja.

Nilipoinua kichwa, Denise alikuwa ameisimamisha picha na ananiangalia.

"Unacheka nini?"

"Nisamehe, mama. Ile miguu..."

"Unajua walikuwa wanamcheka nani pale? Wanakucheka wewe. Wananicheka mimi."

Nilijua kazi imekwisha. Mtu anaweza kuondolewa kwa dogo kuliko hilo. Nikaanza kuomba radhi, lakini Bibi akanyoosha mkono. "Mwache, Denise. Rehema, niambie, umecheka kwa nini?"

Nikaomba kimoyomoyo, halafu nikawaambia habari ya watani. Unakumbuka Baba alipofariki, siku ya tatu Mama hajala wala hajalia, ndipo akaingia Mzee Komba, mtani wetu Mngoni, amevaa koti la Baba na kofia ya Baba, anakohoa kama Baba, anapima jeneza kwa rula na kusema ubao umepinda, arudishiwe fundi. Halafu akatoka nje akawatangazia mbwa wa kijiji wafurahi, Mhehe mla mbwa amekufa, wamepona. Mama akacheka, na alipocheka ndipo akalia, ndipo akala. Nikawaambia kwetu mtu anayeweza kukuchekesha kwenye msiba si mtu wa kudharauliwa, ni mtu anayeitwa. Nami niliona kwa huyu baba ufundi uleule.

Denise akasikiliza vizuri, ni mwalimu. Kisha akaniuliza, "Huyo Mngoni akifiwa, na nyinyi mnakwenda kumtania?"

"Ndiyo. Alipofiwa na mama yake nilikwenda mwenyewe, nikajipaka majivu, nikalala mlangoni nikawazuia wasitoke na jeneza mpaka wanipe kuku."

"Basi niambie, huyu baba wa bibi yangu alipewa zamu yake lini? Wazungu walimcheka. Yeye aliwacheka lini?"

Dada, amesema kweli. Utani ni wa pande mbili, na ukiwa wa upande mmoja unageuka kuwa kitu kingine. Nikainama nikaanza kukunja upya nguo nilizozikalia.

Ndipo Bibi akasema polepole, "Aliwacheka mezani."

Denise akageuka. "Nini?"

"Wakati wa chakula cha jioni. Mama alikuwa anafunga mapazia kwanza. Alisema majirani wakiona tutafukuzwa mjini. Halafu Baba anasimama, anakuwa yule dairekta."

Na huyo bibi, ambaye mimi namwinua kitandani kila asubuhi, akajikaza kwenye kiti, akatoa tumbo, akavuta suruali ambayo hana, akaweka sigara ambayo haipo mdomoni. Akamtolea Denise macho. "Wewe! Ogopa zaidi! Unaogopa kama mtu aliyesoma!" Akatafuta sigara yake, kumbe ameikalia, akajirusha palepale kitini. Sauti ilikuwa ya mwanamume, tena mwanamume mnene.

Denise alijizuia. Nilimwona akiuma mdomo. Halafu kikamtoka, kicheko kikubwa cha kutoka tumboni, akamshika bibi yake mkono. "Mbona hujawahi kutuonyesha?"

"Nilikuwa nimefunga mapazia," Bibi akasema.

Wakakaa hivyo muda mrefu. Mimi nikaenda jikoni kuchemsha chai.

Sasa wameafikiana. Sinema itaonyeshwa kanisani Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, kipande kile cha supu tu. Kabla yake Denise atawaeleza watu ukweli wote, uchungu wake pia, na namna walivyomharibia lugha yake. Halafu Bibi atamwigiza dairekta, mbele ya kanisa, kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. Anafanya mazoezi mpaka nasahau kumpa vidonge.

Lakini ameniomba kitu kinachonisumbua. Ameniambia, "Rehema, wewe utakaa mstari wa mbele. Watu wetu wataogopa kucheka, kama nilivyoogopa mimi. Wewe cheka kwanza." Denise naye akasema ni sawa. Dada, lile si kanisa langu, na uchungu ule sikuzaliwa nao. Nikicheka mimi mgeni na wao wakanyamaza, nitakuwa nimemtia aibu baba wa watu mara ya pili. Na nisipocheka, Bibi atanitafuta kwa macho na hataniona. Wewe ndiye uliyetutuliza sote msibani kwetu, unajua saa ya kucheka na saa ya kukaa kimya. Niombee, na uniambie ungekuwa wewe ungefanyaje.

Nisalimie shemeji, mwambie aache kutoka nje kifua wazi. Msalimie mama mkwe wako, na mwanao wa kwanza na mkewe, na yule binamu yetu anayefundisha kwaya. Shangazi wa Kilolo mpe mkono wangu mara mbili, maana alinililia nilipoondoka.

Barua huchukua wiki mbili au zaidi kunifikia. Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumapili hiyo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye katika Bwana,

Rehema