Ziwa Nililosema Nimeliona

Jumatatu, 15 Septemba
Maziwa yamemwagika tena jikoni. Salina huniletea lita moja kila asubuhi, ananipimia, anaenda zake. Leo alibaki mlangoni. Safari imepatikana! Kaka yake Mama Njoki, jirani yangu mwenye duka hapa Munyaka, Eldoret, anapeleka viazi Kisumu Jumamosi kwa pikapu ya dabo kebini, yenye viti vya nyuma. Tupo watatu, nafasi ni tatu, bure. Kwenda asubuhi, kurudi jioni.

"Na Mwalimu ndiye atatuonyesha ziwa," Salina akasema. "Si yeye anajua huko."

Nikachekacheka tu. Nyuma yangu maziwa yakapanda.

Jumanne, 16 Septemba
Niandike ukweli hapa, maana sina pengine. Sijawahi kufika Kisumu. Sijawahi kuliona Ziwa Victoria.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, kule Soy, nilichora ziwa ubaoni. Msichana wa dawati la mbele akauliza kama nimewahi kuliona. Nilikuwa mgeni na niliwaogopa watoto. Nikasema ndiyo. Nikaongeza kwamba ukisimama Kisumu ukatazama ng'ambo, unaona milima ya Uganda. Hayo ya milima hakuna aliyeniuliza. Nilijitolea mwenyewe.

Msichana yule ndiye Salina.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka thelathini na moja. Kila mwaka nimelirudia somo lile, na milima imo.

Alhamisi, 18 Septemba
Mama Njoki ameapa hatanunua hata maji huko. Chapati zake, mayai ya kuchemsha, chupa mbili za chai. Na sweta, ameagiza, kila mtu abebe sweta, ziwa lina baridi. Nikakubali kwa kichwa kama mtu anayejua.

Nimewaza kusingizia mguu. Mguu wa kushoto huuma kweli wakati mwingine. Lakini Salina amenunua bando la intaneti na kusafisha kioo cha simu yake. Anataka kumpigia mama yake picha ya Uganda. Mama yake hatoki tena nyumbani.

Tena nataka kwenda. Nimelichora kwa chaki ya bluu miaka yote hiyo. Je, lina harufu? Linapiga kelele? Maji yanaishia wapi, au jicho ndilo linaloishiwa? Hamu inaishinda hofu, kidogo tu.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimekariri ramani. Soko, barabara kuu, ziwa upande wa magharibi. Mtu hawezi kupotea hapo.

Jumamosi, 20 Septemba
Nimepotea.

Tuliteremka Kisumu ndani ya ukungu, hatukuona kitu. Viazi vikashushwa sokoni, ukungu ukaisha, jua likatoka. Joto! Sweta tatu zikaingia kwenye mfuko mmoja na mfuko nikabeba mimi. Baiskeli, pikipiki, majengo, ndege wakubwa wenye shingo kama wazee wagomvi, wamekaa juu ya miti katikati ya jiji na hakuna anayewajali. Mama Njoki aliwauliza watu watatu kama huliwa. Nilikuwa na furaha. Nikatembea mbele kwa kujigamba, magharibi, magharibi.

Tukafika kwenye uwanda mkubwa wa kijani. Ndege weupe wakitembea juu yake. Malisho mazuri ajabu, ng'ombe hata mmoja hayupo. Nikawaambia hilo ni shamba la mtu, ziwa liko mbele. Tukaufuata ukingo wake robo saa nzima. Mama Njoki akasikitikia nyasi zile, kwao zingekuwa zimeshakatwa.

Mama mmoja muuza samaki akatuuliza tunatafuta nini.

"Ziwa," nikasema.

"Na si hili?" Akaokota jiwe akalirusha kwenye kijani. Likazama, na shimo likabaki linameremeta.

Magugu maji. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Salina ndiye aliyeniokoa: "Haya magugu imekuja tu juzi. Wakati ya Mwalimu hayakuwa." Muuza samaki akakubali, ndiyo, huja na kwenda. Mlango wa kutokea ukawa wazi kabisa. Nikapita humo. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi.

Tulikula chapati zetu karibu na samaki wa wenzetu. Halafu Salina akatulipia boti. Mwenye boti akapasua njia kwenye kijani, na ghafla maji, maji matupu, rangi ya chai ya maziwa. Si ya bluu. Yana harufu ya matope na samaki. Yananong'ona chini ya mbao. Ng'ambo, milima.

Salina akainua simu, akapiga picha. "Mwalimu, ile ndio Uganda?"

Mwenye boti akacheka. Ile ni Kenya, mama, hii ni ghuba tu, Uganda haionekani hapa.

Salina hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, akingoja, kama dawatini.

Nikasema: "Sijui, Salina. Sijawahi kufika hapa. Nilikudanganya."

Mama Njoki alicheka mpaka boti ikayumba. Salina akaiweka simu mkobani. Kisumu hadi Eldoret, alitazama dirishani.

Jumapili, 21 Septemba
Hakuna maziwa. Nimekunywa chai ya rangi. Kanisani alikaa kwa wanakwaya, na yeye haimbi.

Jumatatu, 22 Septemba
Hakuna maziwa.

Nimewaambia darasa la tano. Ziwa nimeliona Jumamosi, mara ya kwanza, na milima ile futeni. Niliwaogopa kuliko siku ile ya Soy. Mikono ikainuka. Lina rangi gani? Linanukaje? Mtu anaweza kutembea juu ya magugu? Hakuna aliyeuliza juu ya uongo. Nikachukua chaki ya kijani.

Nilitamani Salina angekuwa dawati la mbele.

Jumanne, 23 Septemba
Saa kumi na mbili asubuhi, mlango. Salina na mtungi wake. Akanipimia lita yangu. Akafunga kifuniko, akageuka, akasimama.

"Mama nimempelekea picha ya milima. Nikamwambia ni Kenya." Akavuta kitambaa chake kichwani. "Sasa Mwalimu, hiyo Uganda yenyewe tunaenda lini?"

Nikamwambia njia siijui.

"Hata mimi," akasema, akaenda zake.

Nimesimama karibu na jiko mpaka maziwa yakachemka. Hayakumwagika.