Tepe Tatu Nyuma ya Mlango wa Jikoni

Baba,

Ni mwaka mmoja sasa tangu ujilaze mchana kwenye kochi la mteja, ukamwambia Mama akuamshe chai ikiiva. Chai iliiva. Mama alikuita kwa sauti ya kawaida, akakuita tena kwa hasira, na mwito uliofuata hatuuandiki hapa.

Ulikuwa fundi makochi, na ulijua kilichovunjika ndani ya kiti hata kabla hujakifungua. Hukuwa mtu wa maneno mengi, isipokuwa habari ikiwa ni ya Mpangaji. Hapo ulimi wako haukuwa na breki.

Unakumbuka alivyokuja? Gari la mizigo lilishusha kochi kuukuu mbele ya karakana, na chini yake akatoka mbwa mwembamba, sikio moja limekunjika, mkia ameufyata. Kochi likatengenezwa, likarudi kwa mwenyewe. Mbwa akabaki. Ukamwita Mpangaji, ukasema ndiye mpangaji pekee duniani asiyelalamikia bomba bovu. Mama hakumtaka. “Huyo ni wako,” alisema. “Mimi kulea nimemaliza.”

Mpangaji aliogopa mikono. Mkono ukimjia kutoka juu, yeye aliona kipigo. Mama Soli, mshona viatu wa pale kona, hakulijua hilo. Siku moja aliinama ampapase utosini, meno yakamdaka, akabaki na mkono wa gauni unaning’inia. Ngozi haikuguswa. Ulimshonea gauni lake siku ileile, huku ukimwomba radhi kila unapovuta uzi. Kisha ukachukua mabaki ya vitambaa vya makochi, ukakata tepe tatu, ukazitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Kijani, karibu. Njano, niulize kwanza. Nyekundu, pita zako, hatukuchukii.

Kila asubuhi ulichuchumaa jikoni ukimsoma: masikio yamelala au yamesimama, anageuza uso, analamba midomo na wala hajala. Ukichagua utepe, uliufunga kwenye kamba yake, mkatoka. Watu walicheka. “Fundi, leo taa zinasemaje?” Nawe ulisimama kuwafundisha, hata waliokuwa wanawahi kazini: “Mpe ubavu, usimpe uso. Mikono chini. Usimkazie macho. Mwache yeye aje anuse. Asipokuja, si kosa lako wala lake.”

Nyumbani tepe zile zikawa lugha yetu. Tukipiga simu tuliuliza, “Mama ana rangi gani leo?” Ukanong’ona, “Njano inayoelekea nyekundu, kuna sufuria imeungua,” na nyuma yako tukamsikia mwenyewe: “Nawasikia!”

Ulipoondoka walibaki wawili wasiochaguana, Mama na Mpangaji. Siku ya kwanza ya kumtoa nje, Mama alisimama mbele ya msumari asijue la kufanya. Hakuwahi kujifunza kumsoma mbwa. Aliyemsoma miaka yote ni wewe. Akachukua nyekundu. Kesho yake nyekundu. Ikawa nyekundu tu, mpaka ncha zake zikachakaa.

Watu wa mtaa uliwafundisha vizuri mno, Baba. Wakiuona utepe mwekundu walivuka upande wa pili, na pole zao wakazimeza. Mwanzoni Mama alishukuru, maana kila pole ilimtonesha kidonda. Alitoka saa ambazo njia haina watu wengi. Alikula amesimama karibu na jiko. Simu zetu alizijibu hivi: “Mimi mzima, nanyi?” na kukata kabla hatujajibu. Tukiuliza rangi, alisema, “Acheni mambo ya baba yenu.”

Kumbe Mpangaji mwenyewe alikuwa amekwisha kupoa. Mkia ulimchezea kila mpita njia, akawa anavuta kamba akawanuse. Mama aliona, na bado alimfunga nyekundu. Upweke ukamkaa. Siku moja alijikuta anamweleza Mpangaji bei ya sabuni, kwa kirefu, na anangoja jibu. Akalia palepale njiani, mchana kweupe, na hakuna aliyemkaribia, kwa kuwa utepe ulikataza.

Aliyekuwa havuki barabara ni Mama Soli peke yake. Mama alipopita pale kona, yeye aligeuka ubavu kwenye kigoda chake, akaweka sindano chini, mikono mapajani, macho kwenye viatu vya watu. Mama alidhani anamwogopa mbwa, akaongeza mwendo. Ikawa hivyo siku nyingi, hadi juzijuzi Mama aliposhindwa kuvumilia.

“Mbona kila siku unanipa ubavu? Mbwa mwenyewe hana neno na wewe.”

“Najua hana,” Mama Soli alijibu bila kuinua macho. “Nilikuwa sifanyi kwa ajili ya mbwa.”

Mama alisimama kwanza. Kisha akasogea mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha wateja, na Mpangaji akajilaza juu ya viatu vya watu. Halafu Mama akasema, “Chai ilikuwa imeshaiva,” na akasimulia yote, hata yale ambayo sisi wanawe tulikuwa tunayapata vipandevipande.

Jana tulimpigia kuhusu tangazo hili la kumbukumbu yako. Tuliuliza rangi, tukiwa tayari kukatiwa simu. Tukasikia hatua zake, tukasikia mlango wa jikoni ukisogezwa.

“Mpangaji kijani,” alisema. “Amekuwa kijani siku nyingi, maskini. Mimi njano. Nimeifunga kwenye mkoba wangu. Andikeni, watu wajue.”

Basi tunaandika. Wewe unayemfahamu mjane wa fundi makochi, ukimwona na utepe wa njano mkobani, usivuke barabara. Mpe ubavu, mikono chini, usimkazie macho. Muulize kwanza. Asipokuja, si kosa lako wala lake.

Unakumbukwa na mkeo. Na sisi wanao, mwalimu na dereva. Na dada yako, ambaye bado anadai ulimharibia kiti chake. Na wakwe zako na wajukuu. Na Mama Soli wa pale kona. Na Mpangaji, ambaye kila kochi likishushwa pale mtaani hulikimbilia, akalinusa mpaka chini, kisha akarudi kulala mlangoni.

Utepe mwekundu Mama ameurudisha msumarini. Amesema tusiutupe, siku zake bado zipo. Daima tutakukumbuka, Baba, hata siku hizo.