Jumamosi Zako kwa Kinyozi

Baba,

Wamerudisha Mlango wa Nyuma kwenye runinga. Ndiyo, kipindi chetu cha gavana na watu wake, kile ulichokuwa ukikitazama huku umekumbatia rimoti kana kwamba kuna mtu alitaka kukunyang'anya. Najua ungefurahi. Mimi nimekitazama upya nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yako.

Unakumbuka wiki yako ya mwisho Mutwiri alileta ncoolo, kile kibunda cha miraa teule kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kuja kuniposa. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza mambo haya nikiwa mdogo: baba akikifungua na kutafuna, amekubali, kikikaa kimefungwa, kijana aelewe. Ulikipokea vizuri, ukamshukuru, ukakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Hukukigusa tena. Kisha moyo wako ukasimama pale shambani, na watu walipokuja matangani kibunda kilikuwa bado kinaning'inia, majani yamekauka, kamba haijalegezwa. Nilikitazama nikasema basi, Baba amemkataa.

Na ningekosaje kuamini? Wewe ndiye uliyekuwa ukiona watu hadi ndani. Kila Jumapili tukitoka kanisani, chai ikishawekwa, ulikuwa unamtaja mbaya kabla hajafanya ubaya wowote. Yule kijana mpole wa kumbebea gavana simu, anayemfungulia mlango wa gari na kuinama, sisi sote tulimpenda. Wewe ulimnyooshea rimoti. "Huyu boi wa simu ndiye atamuuza mkubwa wake," ulisema, na ukarudi kwenye chai yako. Kweli akamuuza. Nilikuwa nikirudi kazini Embu nawaambia wenzangu ofisini kwamba baba yangu angekuwa jaji.

Sasa Mutwiri anafanya kazi gani, Baba? Anambebea mwakilishi wa wadi simu. Simu zote, na mwavuli. Niliunganisha mambo mwenyewe. Akinipigia nilikuwa nasikiliza sauti yake kama askari. Akimletea Mama maparachichi nilijiuliza, nani humpelekea mjane maparachichi bila sababu? Akicheka sana, nilishuku. Akinyamaza, nilishuku zaidi. Juzi tu nikasikia amepeleka kibunda kingine, kibichi, kwa ndugu yako, anko Kaberia, kule Kangeta, kwa kuwa wewe hupo. Anko akanipigia simu, akasema hatakifungua mpaka mimi niseme, ila nisikawie, miraa si mahindi ya kuweka ghalani.

Nikamwambia Mama jibu limeshatolewa na aliyekuwa na haki ya kulitoa. Tulikuwa tunatazama kipindi wakati huo, na boi wa simu alikuwa amesimama nyuma ya gavana na ule upole wake. Nikamwonyesha Mama. Nikasema, Baba alimjua huyu kutoka mwanzo, na Mutwiri naye Baba alimjua vivyo hivyo.

Mama akaanza kucheka. Tangu tukuzike sikuwa nimemsikia akicheka vile, mpaka akashika mbavu. Akaniambia kipindi kilikuwa kinaonyeshwa Jumamosi alasiri, sisi tukiwa sokoni, na kile cha Jumapili kilikuwa marudio. Wewe ulikuwa unakitazama kwa kinyozi, umekaa kwenye kiti cha pembeni bila hata kunyolewa. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyemwambia Mama pale matangani, huku analia, kwamba Jumamosi kile kiti hakikaliwi na mtu.

Baba. Miaka yote hiyo. Ulikuwa unajua kila kitu, na ulikuwa unakunja uso eti unawaza. Ulikuwa unakuna kidevu! Niliumia, sikufichi. Baadaye jikoni nikiosha vikombe nikajikuta nalia, kwa sababu nilielewa ulitaka tu nikushangae. Ungeniambia, ningekushangaa hata bila hiyo.

Lakini kibunda je? Nilimuuliza Mama, na akanijibu kama mtu anayezungumza na mtoto. "Baba yako alikuwa ameng'olewa magego, hakuwa na jino la kutafunia. Alikuwa anangoja Kaberia aje amtafunie. Angekifungua vipi, akitazame tu?"

Nilimtazama Mama vizuri. Mama anampenda Mutwiri, na anayapenda maparachichi. Nikampigia anko, naye akasema vilevile, karibu neno kwa neno, jambo ambalo halikunituliza hata kidogo. Ndugu na shemeji wakikubaliana haraka hivyo, mtu lazima ajiulize. Kisha nikakumbuka ile wiki ulivyokuwa ukitoa mahindi kwenye githeri moja moja na kuyasukuma pembeni ya sahani, na nikikuuliza unasema huna hamu. Ulikuwa unaona haya kuniambia. Mwenye magego hafanyi vile.

Kwa hiyo sikuwa na jibu lako. Nilikuwa na kazi ya daktari wa meno tu. Ilibidi nimtazame Mutwiri kwa macho yangu mwenyewe, na hilo liliniogopesha kuliko boi wa simu.

Nikamwalika Jumapili, siku ambayo boi angejulikana. Aliniambia hajawahi kukitazama, miaka ile alikuwa anauza mbuzi Kiritiri na nyumba aliyopanga haikuwa na runinga. Sikumwamini. Nikamtega: nikamuuliza mbele ya Mama ni nani atamuuza gavana. Niliwaza, mtu anayetaka kupendwa katika nyumba hii atapita kwa kinyozi Jumamosi kwanza, maana hata sasa cha Jumapili ni marudio. Na Baba, alikuwa amenyolewa! Upya kabisa, shingo inang'aa.

Akakodolea macho runinga, akafikiri muda mrefu. "Mi nakwambia ni huyu mama wa chai," akasema. "Hiyo kucheka yake siipendi. Huyo boi wa simu hana shida. Kwani mtu akibebea mkubwa simu ni lazima awe mbaya?"

Mama alitazama sakafu. Mimi nilitazama mikono ya Mutwiri, nikitafuta uongo. Boi alipoufungua mlango wa nyuma na kuwaingiza maadui, Mutwiri aliweka kikombe chini polepole. Uso ulimshuka. "Haki," akasema, "yaani ni mtu wa kazi yangu." Wala hakutafuta maneno ya kujitetea. Mama akamwongezea chai, naye akainywa kwa huzuni ya kweli, akimwonea huruma gavana ambaye hayupo.

Baba, alikosea vibaya sana. Hukuwahi kukosea hata mara moja, na sasa najua ni kwa nini. Sijui kama Mutwiri ni mtu mzuri kila siku. Bado nitamchunguza, nimerithi hiyo tabia hata kama yako ilikuwa ya kuazima. Lakini aliketi kwenye kiti chako na kusema asichokijua, mbele yangu, akaaibika, akabaki.

Nilitoka nje nikampigia anko Kaberia. Nikamwambia afungue. Hakuuliza swali. Nikasikia kwenye simu majani ya mgomba yakichanika, kisha anko akitafuna. Nilimwambia atafune na kwa niaba yako. Akasema ndivyo alivyoahidi tangu mwanzo.

Pumzika, Baba. Tutakuja kupalilia kaburi lako mvua ikianza, mimi na yeye. Na nakuahidi hivi: kipindi kikirudi tena, sitamwambia mtu mwisho wake. Nitakaa Jumapili na wengine, na watoto wakiniuliza nani mbaya, nitasema sijui.

Ni mimi binti yako,
Makena