Kibao cha Kasigau

Al Wakrah, Doha
Ijumaa

Kwako Baba Mkubwa Douglas, shikamoo. Shikamoo nawe Baba, maana najua barua hii iko mikononi mwako, na Baba Mkubwa ameketi hapo kwenye kiti chake akitega sikio. Natumaini macho hayajazidi kukusumbua, Baba Mkubwa, na kwamba goti linakuruhusu kufika kanisani, kwani kanisa litasimamaje bila mzee wake? Mimi ni mzima. Joto la huku halina adabu, lakini nyumbani kwa bosi kuna baridi mpaka natembea na sweta.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu unaikata, Baba Mkubwa. Nikigusa jambo usilolipenda, mtandao wa Voi unaharibika ghafla. Barua haikatiki. Nawe Baba, tafadhali soma kama nilivyoandika. Usimlainishie maneno kama unavyomlainishia uji.

Habari yangu ni ya injini. Najua habari za injini za moshi zinakuchefua, Baba Mkubwa. Tulipokuwa watoto, mimi na ndugu yangu Japheth, ulituambia kwamba watu wa stimu walikuwa watu wa masizi, na kwamba wewe ulipohamishiwa kwenye dizeli ulikwenda kazini na shati jeupe ukarudi nalo jeupe. Hongera kwa shati. Baba alikuwa fayamani, mlisha moto wa Kasigau, injini ya mizigo ndefu kuliko hilo kanisa lenu, boila katikati na magurudumu mbele na nyuma. Ilipanda kutoka Mombasa ikivuta mabehewa ambayo ukisimama kuyahesabu chai inapoa. Nyanya alikuwa akisema ikiingia Voi kunywa maji, vikombe vyake vilitetemeka mezani.

Miaka ile ya mwisho, kila mtu alijua kwamba dizeli zimeshinda na injini za moshi zitakatwakatwa ziwe chuma chakavu. Baba hakujali. Aliendelea kukisugua kibao cha shaba ubavuni mwa injini yake, kile chenye jina la mlima wetu, nanyi watu wa dizeli mkimcheka. Siku moja nyundo ilimponyoka ikaibonyeza herufi ya K, akasikitika kana kwamba amempiga mtoto. Halafu kibao kikapotea. Wewe, kaka yake wa tumbo moja, ukaapa mbele ya wakubwa wa shedi ya injini kwamba ulimwona akikifungua. Akafukuzwa, na safari ya mwisho ya Kasigau ikaenda na moto wa mtu mwingine.

Tangu hapo jina lake ni Paul wa Kibao. Hata sisi tuliozaliwa baadaye tumelibeba, na kanisani benchi lake ni la nyuma, karibu na mlango. Ukampa kibanda cha nyuma ya nyumba yako, na kila Krismasi ukatukumbusha wema huo kabla hatujatia tonge mdomoni. Lo! Wema gani huo, Baba Mkubwa, usioweza kukaa kimya hata siku moja?

Sasa sikia. Bosi wangu anakusanya vyuma vya kale. Ukuta mzima wa majlisi, sebule anamopokea wageni, umejaa taa, saa na vibao vya treni za nchi za watu. Anajua bei ya kila kitu, lakini kitu chenyewe hakijui. Kasigau, aliwaambia wageni akionyesha kibao kimoja, alikuwa mfalme. Mgeni mmoja akauliza kama si aina ya kahawa. Basi mwezi uliopita nilitolewa jikoni nikapewa majlisi niisafishe. Nikachukua kitambaa na dawa ya shaba, nikasugua, nikafika kwenye K. Imebonyea.

Niliketi zuliani. Bosi akauliza kama naumwa. Nikamwambia huo ni mlima wa kwetu. Akafurahi mno, akanieleza kwamba alikinunua mwenyewe alipokuja Kenya kutalii, kwa mzee mmoja wa Voi aliyekuwa fayamani wa injini hiyo mpaka siku yake ya mwisho, akazawadiwa kibao kwa utumishi mwema. Mzee huyo alikitoa darini, kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba yake. Akanionyesha picha waliyopiga pamoja, na nilipomwomba akanitumia.

Nimeichapisha dukani Al Sadd, imo humu ndani ya bahasha. Itoe, Baba. Wewe Baba Mkubwa hutaiona, kwa hiyo mwombe ndugu yako akusimulie: suti yako ya kanisani, meno yote nje, kibao kifuani, na nyuma yako mlango wa kibanda. Nadhani ni ile wiki uliyomtuma Baba matangani Wundanyi, ukasema wewe goti linauma.

Yaani miaka yote hii amelala chini ya kibao hicho, akikuombea baraka! Na kazi yake haikukutosha, ukamwibia na moto wake. Wewe fayamani? Wewe, mtu wa shati jeupe? Ptuu!

Baba, nisamehe kwamba umelazimika kuyatamka haya kwa mdomo wako. Nilitaka ayasikie kwa sauti yako, si kwa yangu. Japheth amekutengenezea chumba kwake Mombasa, na Jumatatu atakuja kukuchukua. Acha hicho kibanda kama kilivyo.

Msalimuni Mama Mkubwa Daisy. Yeye hana kosa, na ugali wake tumeula kwa raha. Mpeni chai Levis, askari wa West Bay aliyewaletea barua hii akija likizo. Msimcheleweshe, kwani anayo bahasha nyingine, ya mchungaji, na picha kama hiyo imo ndani. Na mchungaji tumeshaongea. Barua iliyomo ataisoma mwenyewe kanisani Jumapili, baada ya matangazo.

Siku hiyo Baba usisome chochote. Kaa benchi la mbele, usikilize.

Ni mimi Roselyne,
binti wa fayamani wa Kasigau