Mabalungi ya Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Kidonge cha presha asubuhi, cha mafuta ya damu jioni. Sijaruka hata siku moja tangu Pasaka. Baridi. Ukungu haukuondoka hadi saa nne. Mkwe wangu, baba wa mke wa mwanangu Elia, amepanda kutoka Mnazi, kule chini tambarare, na kikapu cha mabalungi. Anasema yanayeyusha mafuta mwilini. Cha mkwe hakikataliwi. Nimekula moja zima. Chungu, lakini zuri.

Alhamisi, 13 Juni
Balungi kila asubuhi. Mapaja yananiuma. Nimelaumu jembe.

Jumapili, 16 Juni
Nimeshindwa kupanda hadi kanisani. Nimeketi kando ya njia, watoto wa kipaimara wakinipita: shikamoo babu, shikamoo babu. Aibu. Mke wangu amempigia Elia simu bila kuniuliza. Mwanangu anataka tuhamie kwake Tanga. Ati mlima umenishinda. Nimekasirika. Sitaki kuzeekea kwenye joto.

Jumanne, 18 Juni
Mkojo mweusi kama chai ya rangi. Nimeogopa. Jirani kasema niache vidonge vyote. Sikumsikiliza, nimekwenda hospitali na pakiti zote mbili. Dawa ya mafuta niliandikiwa Tanga, na hapa kliniki ya presha sikuwahi kuitaja. Kosa ni langu. Daktari ni binti mdogo, ila makini. Aliuliza ninakula nini. Nikataja mabalungi, tena kwa fahari. Akaweka kalamu chini.
"Mangapi, babu?"
"Moja kwa siku. Ya mkwe."
"Una hakika mkwe hakudai mahari? Maana anakumaliza."
Kisha akaeleza. Balungi huuzuia mwili kuivunja simvastatini, ndiyo hiyo dawa yangu ya mafuta. Dawa hulundikana katika damu na kuumiza misuli. Tena dozi yangu ilikuwa kubwa mno kwa mtu anayemeza amlodipini, ile ya presha. Amepima damu. Figo ni salama. Simvastatini amesimamisha, mabalungi pia, ya presha niendelee nayo. Ninywe maji mengi. Nirudi kesho kupimwa tena.

Jumamosi, 29 Juni
Maumivu yamepungua. Mkwe amekuja na kikapu kingine. Sijawahi kumkatalia mkwe chakula. Nilisimama, nikamwambia ukweli wote. Alikitua kikapu chini polepole. Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu akacheka hadi machozi: "Kumbe nakubebea sumu mgongoni, mkwe, na mlima wote huu!" Mke wangu hamezi dawa yoyote. Amekula mawili mbele yetu.

Ijumaa, 12 Julai
Damu imekaa sawa. Nimepewa dawa nyingine ya mafuta, dozi ndogo. Daktari ameziandika zote mbili katika daftari moja. Nikiumwa misuli tena, nirudi siku hiyo hiyo. Nimemshukuru.

Jumapili, 21 Julai
Nimeteremka barabarani kumpokea Elia. Tukipanda kurudi nyumbani, alisimama mara mbili kuhema. Nilimngojea. Viazi vya bondeni vimetoa maua. Alivitazama sana. Hakutaja Tanga.